Kukosa Nyama na Kuacha Nyama

Twaa vyungu viwili vya chakula cha mchana. Cha kwanza kimo jikoni mwa mkulima karibu na Msambweni, katika Kaunti ya Kwale. Ndani yake mna mchunga uliochemshwa hata ukapungua uchungu, kisha ukatiwa tui la nazi. Na kando yake iko sima ya mahindi. Cha pili kimo nyumbani mwa mfanyabiashara wa Mombasa aliye mfuasi wa dini ya Kijaini. Ndani yake mna dengu zilizokolezwa bizari, na kando yake ziko chapati. Katika vyungu vyote viwili hamna hata kipande kimoja cha nyama. Mpita njia akichungulia, naye hajui habari za wenye nyumba, atasema kwamba nyumba hizi mbili zina desturi moja. Lakini wenyewe wakiulizwa, wa kwanza atajibu, "Leo hatukupata kitoweo." Wa pili atajibu, "Sisi hatuli nyama."

Baina ya majibu haya mawili pana swali ambalo wenye hekima wa mataifa mengi wamelifikiri. Je, kukosa kitu na kuacha kitu ni jambo moja? Mtu asiyefanya jambo kwa sababu hawezi, na mtu asiyelifanya kwa sababu hataki, wana sifa sawa? Na ikiwa hawana sifa sawa, tofauti yao iko wapi, maadamu vyungu vyao havitofautiani?

Kijana asomaye asidhani kwamba swali hili ni la wazee wenye nafasi ya kubishana barazani. Wengi katika vijana wa pwani ya kusini wamekuzwa kwa kunde, mbaazi, mchicha, muhogo na samaki. Siku itafika ambapo kila mmoja wao atapokea mshahara wake wa kwanza, na duka la nyama litakuwa njiani anapopita. Siku hiyo kukosa kutakwisha, na kuacha au kutokuacha kutaanza. Yafaa mtu alifikiri jambo hili kabla ya siku hiyo haijafika.

Tuanze na historia, kwa kuwa hukumu isiyotanguliwa na habari ni dhana tu. Mwandishi wa Kiarabu al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, aliandika juu ya watu wa pwani hii aliowaita Wazanji. Alisema kwamba walikula ndizi, mtama, na mmea mmoja uliochimbwa ardhini. Asali na nyama alizitaja pia, lakini hakuzifanya kuwa msingi wa chakula chao. Karne nne baadaye, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa. Aliona kwamba watu wa kisiwa kile hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka sehemu nyingine za pwani, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Basi tangu zama za kale mgeni aliyeandika habari za chakula cha pwani aliandika zaidi juu ya shamba na bahari kuliko zizi.

Shamba lenyewe halikuwa la asili moja. Mtama na kunde ni mazao ya Afrika tangu kale. Migomba na minazi ilivuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki. Mbaazi na pojo asili yake ni Bara Hindi. Muhogo na mahindi, ambayo leo twayaona kuwa chakula cha mababu zetu, yalitoka Amerika yakafika Afrika katika zama za safari za Wareno. Chungu cha mkulima wa Msambweni, kwa hiyo, si chungu cha upweke. Kila kilichomo ndani yake kina safari yake, na aghalabu safari hiyo ni ndefu kuliko ya mtu anayekila.

Kwa nini zizi lilikuwa dogo? Sababu moja ni mdudu. Katika misitu ya Shimba na mabonde yake huishi mbung'o, ambaye akimwuma ng'ombe humwambukiza maradhi yanayomkondesha na kumwua. Wadigo wa ukanda wa pwani hawakuwa wafugaji wakubwa kama ndugu zao Waduruma, ambao wanakaa katika nyika kavu upande wa Kinango na wameshika zaidi ng'ombe na mbuzi. Sababu ya pili ni bahari. Wavuvi wa Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga walileta samaki, na palipo na samaki haja ya nyama hupungua. Walakini bahari nayo ina nyakati zake. Wakati wa kusi mawimbi hukua, vyombo vidogo hukaa pwani, na samaki huadimika. Hapo ndipo kunde na mchicha hushika nafasi yao.

Nyama ilikuwa na siku zake maalumu. Ilipikwa harusini, ilipikwa katika hitima, ilipikwa siku za Idi, na ilipikwa alipofika mgeni wa heshima. Kuku aliyekuwa akitembea uani asubuhi alijikuta sinia jioni kwa sababu shemeji amekuja kutoka mbali. Nyama haikuwa chakula cha kila siku, ilikuwa lugha ya kusema, "Leo si siku kama nyingine," au, "Wewe si mtu kama mwingine." Hata maneno yetu yashuhudia hali hii. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki neno mboga halina maana ya majani tu. Ni kila kinachosindikiza ugali, na nyama na samaki zaweza kuitwa mboga. Lugha imeiona nyama kuwa msindikizaji, na nafaka kuwa mwenye safari. Kwa upande mwingine, mtu wa pwani akisema hali nyama, mwenzake humwandalia samaki bila wasiwasi, kwa kuwa katika masikio yake samaki si nyama. Mjaini angeshangaa sana kupewa sahani hiyo.

Hiyo ndiyo historia ya kukosa, au tuseme, ya kupata kwa nadra. Sasa tutazame historia ya kuacha.

Watu walioacha nyama kwa hiari nao si wageni wa jana katika pwani hii. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi, zikakuta huko vyombo vya Wahindi. Mtu mmoja aliyekuwamo katika safari ile aliandika katika kumbukumbu zake kwamba Wahindi hao waliwaambia kuwa wao hawali nyama ya ng'ombe. Wareno waliwadhania kuwa Wakristo. Yaelekea sana kwamba walikuwa Wahindu. Haya ni maneno machache katika kitabu cha mabaharia, lakini yana uzito. Zaidi ya miaka 500 iliyopita, palikuwa na watu katika bandari ya pwani yetu ambao, walipotaka kujieleza kwa wageni, walitaja kile wasichokula.

Baadaye, kati ya mwaka 1896 na mwaka 1901, reli ilijengwa kutoka Mombasa hadi Ziwa Nyanza. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 6,700 walibaki baada ya kazi. Wengi wa vibarua walitoka Punjab, na wengi wao walikula nyama. Lakini pamoja nao na baada yao walikuja wafanyabiashara kutoka Gujarat, na miongoni mwao walikuwamo Wahindu na Wajaini wasioigusa. Mwaka 1963 Wajaini wa Mombasa walifungua hekalu lao la marumaru nyeupe, nalo lingalipo katika mji wa kale. Kusini, huko Ramisi, watu wenye asili ya Kihindi walikuwa miongoni mwa walioanzisha kilimo kikubwa cha miwa na kiwanda cha sukari, kilichofanya kazi tangu miaka ya 1920 hata kilipofungwa mwaka 1988. Hivyo jamii ya walioacha nyama na jamii ya walioikosa ziliishi jirani, zikauziana unga na chumvi, lakini ni mara chache zilizoulizana juu ya vyungu vyao.

Vyungu vyenyewe viliulizana. Chapati, bajia, achari na viazi karai vilitoka katika mapishi ya Wahindi vikaingia katika mapishi ya Waswahili, hata leo mtoto wa Diani hudhani kwamba bajia ilizaliwa Ukunda. Na muhogo wetu ulikwenda upande wa pili. Wagujarati wa Afrika Mashariki waliupenda wakauita mogo, na walipohamia Uingereza katika miaka ya 1960 na ya 1970 walikwenda na jina hilo hata London. Biashara ya mapishi haina ushuru wala mkalimani.

Mafundisho ya Wajaini yana msingi katika neno moja la kale la Kihindi, ahimsa, yaani kutodhuru. Kila kilicho hai kina haki ya kutoumizwa, na mtu asafishe mkono wake kwa kuuzuia. Washikao sheria hii kwa ukamilifu hawali hata viazi, karoti wala vitunguu, kwa sababu mmea wa mzizi uking'olewa wote hufa, na vijidudu vya udongoni hufa pamoja nao. Hapa mkulima wa Kwale lazima ainue macho. Muhogo ni mzizi. Mwaka wa ukame, mahindi yanapokauka, muhogo ndio unaobaki ardhini kumngojea mwenye njaa. Tukimwambia mkulima huyo kwamba nyama ni mwiko na muhogo ni mwiko, tutakuwa tumemwambia kwamba kuishi ni mwiko. Basi jambo la kwanza tunalojifunza ni hili: sheria nzuri iliyozaliwa katika ardhi moja haihamishwi ikapandwa katika ardhi nyingine bila kuuliza hali ya udongo. Msingi wake waweza kuwa kweli kwa watu wote, ilhali matawi yake yatofautiane.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtu wa kwanza aweza kusema hivi: "Tofauti ya kukosa na kuacha ni ya maneno tu. Mtazame mbuzi. Mbuzi aliyebaki hai kwa sababu mwenye nyumba hana fedha, na mbuzi aliyebaki hai kwa sababu mwenye nyumba ana huruma, wote wawili wanakula majani asubuhi ya pili. Mbuzi haulizi nia." Hoja hii ina nguvu, na hatupaswi kuipuuza. Ikiwa jambo tunalolijali ni maumivu ya mnyama, basi aliyekosa na aliyeacha wamempunguzia maumivu sawasawa.

Lakini hoja hii yaeleza nusu ya jambo. Kitendo cha binadamu kina pande mbili: upande unaomwelekea mwenziwe, na upande unaomwelekea mtendaji mwenyewe. Kwa upande wa kwanza, matokeo ndiyo makubwa. Kwa upande wa pili, nia ndiyo kubwa. Mtu aliyefungwa kamba mikono hakuibii, lakini hutamsifu kwa uaminifu. Utangoja kamba ifunguliwe. Kadhalika, asiyekula nyama kwa sababu mfuko ni mtupu hajasema lolote bado juu ya nyama. Ni kama sungura wa hadithi aliyeshindwa kuzifikia ndizi mbivu, akaondoka akisema hazitaki kwa kuwa ni mbichi. Neno lake lilikuwa la mtu aliyeacha, lakini hali yake ilikuwa ya mtu aliyekosa. Kujidanganya huku ni hatari kwa roho, kwa sababu kunamnyima mtu mambo mawili kwa pamoja: kile alichokikosa, na ukweli kwamba amekikosa.

Kuna daraja ya tatu kati ya kukosa na kuacha, nayo ni kukatazwa. Mfano wake mzuri ni maisha ya Mohandas Gandhi. Alipokuwa kijana huko Gujarat alikula nyama kwa siri, akivutwa na rafiki aliyemwambia kwamba Waingereza wana nguvu kwa sababu ya nyama. Mwaka 1888, alipotaka kwenda London kusoma sheria, mama yake alihofu. Mbele ya mtawa wa Kijaini kijana alikula yamini kwamba hatagusa pombe, wanawake wala nyama. London alishika ahadi yake, akashinda njaa siku nyingi, lakini moyoni aliamini bado kwamba kula nyama ni jambo jema, akatumaini kwamba siku moja watu wa nchi yake wote wataila. Alikuwa mtu aliyekatazwa. Kisha akapata kitabu cha Mwingereza Henry Salt kilichotetea chakula kisicho na nyama, akakisoma chote. Tangu siku ile, kama alivyoeleza mwenyewe, aliacha nyama kwa kuchagua. Chakula katika sahani yake hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni yule aliyekaa mbele ya sahani. Miaka michache baadaye, mwaka 1893, meli iliyomchukua kwenda Afrika ya Kusini ilipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar. Kwa hiyo kijana yule alipita katika pwani yetu akiwa tayari ni mtu aliyeacha.

Tusiidharau daraja ya kukatazwa. Ahadi ilimlinda Gandhi mpaka akili yake ilipokomaa. Watoto wengi huanza kwa kukatazwa, wakaishia kwa kuchagua. Ubaya ni mtu kukaa katika daraja hiyo maisha yake yote, akishika mwiko asioujua maana yake, na akiwahukumu wengine kwa mwiko huo.

Yuko atakayesema kwamba maneno haya yote ni ya Kihindi na ya Kizungu, na kwamba sisi wa Kwale hatuna desturi ya kuacha kile ambacho mkono wafikia. Hasemi kweli. Karibu na Diani uko msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoandikwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miti ya msitu ule ni mizuri kwa boriti, kwa kuni na kwa mashua. Watu waliokaa kando yake walikuwa na mashoka, walikuwa na haja ya kuni, na hawakukaa mbali. Walakini wazee walifundisha kwamba mti wa kaya haukatwi, na vizazi kwa vizazi mkono ulioweza kukata ulijizuia. Huko si kukosa. Huko ni kuacha, tena kuacha kwenye ladha ya uhuru. Anayetaka kujua kama mababu zetu walifahamu maana ya kujizuia asitazame chungu. Atazame msitu uliobaki wakati misitu mingine imekwisha.

Diani pia twaona huruma ya namna nyingine. Katika miti ya huko huishi mbega, nyani mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, ambaye chakula chake ni majani, maua na matunda machanga. Barabara ilipopita katikati ya miti yao, mbega wengi waligongwa na magari. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa huko wametundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kushuka chini. Ni kazi ya kupendeza. Lakini inatuuliza jambo. Watu wengi wanaofurahi kumwona mbega akivuka salama hurudi nyumbani jioni wakala mbuzi. Je, mbega ana haki kuliko mbuzi kwa sababu ni adimu, au kwa sababu ni mzuri wa kutazama? Kama ni maumivu, mbuzi naye huumia. Katika karne ya 10 wanachuoni wa Basra waliojiita Ndugu wa Usafi walitunga hadithi ambayo ndani yake wanyama wanawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, wakidai sababu ya kufanywa watumwa. Katika hadithi ile mwanadamu hapewi ushindi kwa urahisi. Kila fahari anayoileta hupata mnyama wa kuijibu. Nasi hatuna budi kukubali kwamba huruma yetu huchagua, na kwamba huchagua kwa macho mara nyingi kuliko kwa haki.

Haya yamesemwa kwa upande wa kuacha. Haki yataka yasemwe na ya upande wa pili, nayo si machache.

Kwanza, nyama katika desturi zetu ni njia ya kugawana. Siku ya Idi ya kuchinja, mwenye uwezo huchinja, na sehemu ya nyama humfikia jirani na maskini. Wako watu ambao siku hiyo ndiyo siku yao ya nyama kwa mwaka mzima. Mtu mwenye shibe akisimama siku hiyo kuwahubiria wasile, atakuwa ametimiza ule usemi kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Dini iliyoruhusu kuchinja pia imemwamuru mchinjaji anoe kisu chake na asimtese mnyama. Kwa hiyo aliyeruhusiwa hakuruhusiwa ukatili. Na tena, kuruhusiwa si kulazimishwa. Mwislamu asiyependa kula nyama hakuvunja sheria, mradi asiiharamishe ile iliyohalalishwa.

Pili, mfugaji wa Kiduruma hawezi kuambiwa alime kunde mahali ambapo mvua haitoshi kuotesha kunde. Mbuzi wake hula vijiti na majani ya miiba ambayo binadamu hawezi kuyala, akayageuza maziwa na nyama. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo ya dunia ilisababisha asilimia 14.5 ya hewa chafu itokanayo na kazi za binadamu inayopasha dunia joto. Hesabu hiyo ni kubwa, na vijana wa leo hawana budi kuifikiri. Lakini si haki kumtwika mwenye mbuzi kumi wa Kinango mzigo sawa na tajiri wa nchi za mbali ambaye ng'ombe wake hulishwa nafaka ambazo zingalilisha watu. Hatia, kama ipo, igawanywe kwa kadiri ya hiari na uwezo.

Tatu, mwili una haki yake. Kunde, mbaazi na pojo hujenga mwili, na mtu aweza kuishi kwa afya bila nyama. Lakini vitamini iitwayo B12 haipatikani katika mimea kwa kadiri inayotosha. Wasiokula nyama huipata katika maziwa na mayai, au katika dawa. Mtoto mdogo anayelishwa sima tupu hajaacha nyama, amekosa chakula. Kumsifu mtoto huyo kwa utakatifu ni dhambi. Anachodai kwetu ni maharage, yai na maziwa.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, kuacha kwaweza kuzaa kiburi. Yuko mtu anayekwepa kumkanyaga sisimizi, lakini humkanyaga mtumishi wake kila mwisho wa mwezi anapomlipa nusu ya haki yake. Yuko anayelia kwa ajili ya kuku, asimlilie jirani. Watu wa namna hii wamo katika kila dini na kila kabila. Mkono usiotoka damu si lazima uwe safi. Maana ya kutodhuru ikiishia katika sahani, imekufa njaa. Yapasa itoke jikoni iende dukani, shambani na mahakamani.

Tukiyakusanya yote haya, tutapata jibu gani? Naona kwamba kukosa na kuacha si kitu kimoja, na kwamba kuacha kuna daraja ya juu. Lakini kuna sharti. Haiwezekani mtu aache kile ambacho hakuwahi kuwa na uwezo wa kukipata. Kwa hiyo jamii inayotaka watu wenye fadhila ya kujizuia haina budi kwanza kuwaondolea dhiki. Anayemsifu maskini kwa sababu hali nyama, huku akiridhika na umaskini wake, amegeuza fadhila kuwa pazia la kufunikia dhuluma. Mlishe kwanza, halafu umwulize achague nini. Akichagua kula kwa kiasi na kwa huruma, heshima yake haipungui. Akichagua kuacha, kuacha kwake kutakuwa na thamani, kwa kuwa kutakuwa kwake mwenyewe.

Na kwako, kijana wa Kwale, iko hatari moja ambayo haina budi kutajwa. Utakapopata fedha, utasikia watu wakisema kwamba mchunga, kunde na muhogo ni chakula cha kimaskini, na kwamba dalili ya mtu aliyefanikiwa ni nyama mezani kila siku. Ukiwaamini, utaacha chakula cha mama yako kwa sababu ya haya. Huko nako ni kuacha, lakini ni kuacha kubaya, kwa maana hakukutoka katika fikira bali katika kuogopa macho ya watu. Kama utakula nyama, ile ukijua kwamba uhai umetolewa kwa ajili yako, nawe usiitupe wala usiifanye kipimo cha utu. Kama hutakula, usile kwa sababu uliyoipima mwenyewe, nawe ukikaribishwa katika nyumba ya mtu aliyekuchinjia kuku wake wa pekee, kataa kwa ulimi mtamu, au usikatae kabisa. Hilo nalo lahitaji kupimwa, wala mwandishi hawezi kukupimia.

Vile vyungu viwili bado viko motoni, kimoja Msambweni na kimoja Mombasa. Siku ambayo mkulima wa kwanza ataweza kununua nyama na bado akapika mchunga kwa sababu anaupenda, na mfanyabiashara wa pili akahakikisha kwamba aliyemlimia dengu zake amelipwa haki yake, vyungu vile vitakuwa vimekaribiana kwa kweli, si kwa sura tu.